Vikombe viwili vya chai: kupima uwezo wa kupanga baada ya kiharusi au jeraha la kichwa

Mgonjwa wa kiharusi au jeraha la kichwa anaweza kutoka kliniki na majibu mazuri: tarehe anaijua, vitu anavitaja kwa majina, mkono una nguvu. Akifika nyumbani anakaa kitandani hadi saa sita mchana bila kuoga, au anabandika sufuria jikoni na kwenda zake. Ndugu husema amekuwa mvivu, au mkaidi. Mara nyingi kilichoumia ni uwezo wa kupanga na kujisimamia, ambao hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo na njia zinazoiunganisha na sehemu nyingine.

Kliniki hukosa kuliona tatizo hili kwa sababu mpimaji ndiye anayepanga kila kitu. Yeye huamua pa kuanzia, huleta swali moja baada ya jingine, na ndiye anayesema basi, imetosha. Mwaka 1991 watafiti Tim Shallice na Paul Burgess walieleza habari za wagonjwa watatu nchini Uingereza walioumia sehemu ya mbele ya ubongo huku vipimo vya akili vikiwaonyesha wako vizuri. Walipotumwa madukani na orodha ya shughuli ndogo ndogo, wanunue hiki, wawe mahali fulani saa fulani, waandike taarifa kadhaa, tena kwa masharti, walivurugika kuliko watu wazima wa afya waliopewa kazi hiyo hiyo.

Kipimo kinachofaa sana mazingira yetu kilibuniwa Israeli, nacho ni cha vinywaji vya moto. Mgonjwa anaandaa vikombe viwili, chake na cha mpimaji, vinavyotofautiana kwa vitu viwili. Birika la umeme linawekwa likiwa tupu na vipande vyake vimeachanishwa, na mezani kuna vitu visivyohitajika. Hatua ni 13, kila moja hupewa alama 0 hadi 4. 52 ndiyo hali mbaya kabisa. Ukibadilisha birika kwa sufuria na jiko la gesi, alama hizo usizitumie tena kama zilivyo. Andika ulichokiona.

Chagua shughuli aliyoizoea. Mzee ambaye hajawahi kuingia jikoni maisha yake yote usimpime kwa chai. Mpe kununua umeme kwa simu, kwa kiasi kidogo cha fedha na namba yake ya siri aibonyeze mwenyewe, au kupanga dawa za siku 3. Hakikisha kwanza amevaa miwani yake, anasikia, hana homa, sukari haijashuka, na hajatoka kumeza dawa ya usingizi. Kabla hajaanza muulize: “Unadhani utahitaji msaada wapi?” Jibu liandike.

Kisha toa agizo lote kwa mara moja: “Naomba chai mbili, yako yenye sukari na tangawizi, yangu bila sukari wala tangawizi.” Mwambie arudie, uwe na hakika ameelewa. Baada ya hapo nyamaza. Hapa ndipo wapimaji wengi, na ndugu zaidi, huharibu kipimo: mgonjwa akisita kidogo tu wanamwambia “washa jiko.” Ukimwambia hivyo umempangia, na ulichotaka kukiona kimepotea. Subiri. Akikwama kweli, anza na swali la jumla: “Sasa kinafuata nini?” Ikishindikana onyesha kwa kidole, kisha mwambie waziwazi, kisha mshike mkono, na mwisho mfanyie. Kuna kipimo cha Marekani kinachohesabu ngazi hizi kuanzia 0, asipohitaji lolote, hadi 5, akifanyiwa, kwa kuangalia kuanza, kupanga vifaa, kufuata mfuatano, usalama na kumaliza. Usalama haungojei ngazi: simama upande wake dhaifu, na maji ya moto yakielekea kumwagika zuia mara moja.

Makosa hayafanani. Mmoja hukaa akitazama sufuria ingawa hatua zote anazitaja kwa mdomo. Mwingine hutia sukari, hutia tena, na tena. Yupo anayeona kisu mezani akaanza kumenya ndizi ambayo hakuna aliyeiomba. Tofautisha pia na asiyeona vitu vya upande wa kushoto: huyo hakosi mpango, hakioni kikombe. Muhimu kuliko yote ni kama analigundua kosa lake. Anayetia sukari kwenye kikombe chako, akashtuka na kukibadilisha, ana nafasi nzuri kuliko anayekukabidhi akiwa ameridhika. Mwishoni muulize imekwendaje, ulinganishe na jibu la mwanzo.

Msaada wa nyumbani hutokana na ngazi aliyoishia. Asiyeweza kuanza awekewe kengele ya simu, na mtu wa kumwambia “saa imefika.” Anayeruka hatua abandikiwe karatasi ya hatua tano au sita ukutani, karibu na jiko. Asiyegundua makosa yake asiachwe peke yake na moto, wala na fedha za familia, hata akizungumza vizuri namna gani.

Ukirudia kipimo baada ya wiki kadhaa, badilisha vinywaji na mpangilio wa meza. Chai ile ile mara ya tatu huwa mazoea, na mazoea hayahitaji mpango.