Ruzuku ya maafa huanzia kwenye daftari la mtendaji

Nikitaja kazi yangu ya kusimamia ruzuku za maafa, watu hudhani nagawa mahindi. Mjomba wangu wa Mpwapwa mpaka leo hunipigia simu kila mvua ikizidi, kuuliza magunia yanafika lini. Simlaumu. Kwetu Ugogo neno maafa limeshikana na njaa tangu Mtunya, ile njaa kuu ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, na wazee wanaisimulia kana kwamba ilikuwa juzi. Lakini magunia yana wenyewe. Mimi naanza kuhitajika pale mahema yanapokunjwa, waandishi wa habari wakaondoka, na kijiji kikabaki na darasa lisilo na ukuta, kisima kilichojaa tope na barabara iliyokatwa vipande viwili.

Fedha za kurudisha hivyo vyote huja kwa njia kadhaa: bajeti ya serikali, mfuko wa maafa uliotajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, mashirika ya kimataifa, au michango ya wananchi na kampuni. Sehemu kubwa huja kama ruzuku. Haina riba na hairudishwi kama mkopo, ila ina mkataba unaosema itajenga nini, wapi, kwa muda gani, na nini hairuhusiwi kulipiwa. Ikitumika nje ya hapo, inarudishwa. Mtaalamu wa ruzuku ni yule aliyeusoma mkataba huo hadi ukurasa wa mwisho, pamoja na viambatisho, wakati wenzake wamesoma kiasi cha fedha tu.

Kazi yenyewe huanza na tathmini, na hapo ndipo maneno mawili yanapochanganywa kila mwaka: uharibifu na hasara. Uharibifu ni kile kilichokuwa kimesimama jana na leo hakipo. Hasara ni kile ambacho hutakipata kwa sababu hiyo. Chukua mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye maji yamekaa shambani kwake hadi mizizi ikaoza. Mizabibu na nguzo zake ni uharibifu. Mavuno ni hasara, na Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukihesabu msimu mmoja umemwibia nusu. Ongeza muda ambao miche mipya inakua bila kuzaa. Utaratibu wa tathmini ambao Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya walikubaliana kuutumia kwa pamoja mwaka 2008 unatenganisha mambo haya, kisha unauliza la tatu: mahitaji ni yapi? Ruzuku hulipia mahitaji. Orodha ndefu ya uharibifu isiyosema kinachohitajika haimfikishi mtu popote.

Niruhusu nikae kidogo kwenye tembe, maana hapa ndipo nimegombana na wataalamu wenzangu zaidi ya mahali pengine popote. Tembe ya Kigogo ina paa bapa la udongo juu ya boriti na fito. Kwa ukame wetu ni nyumba ya busara: mchana ina ubaridi, usiku inatunza joto. Lakini mvua ikinyesha mfululizo, paa linalewa maji, linakuwa zito, na kuta zinalainika kwa chini. Mtathmini anafika, anaandika "nyumba ya udongo, imeanguka", anaweka thamani ya kibanda cha kuku na kupanda gari. Kwa bei ya soko yuko sahihi, kwani hakuna anayenunua tembe. Kwa gharama ya kuijenga tena amekosea vibaya. Kuna nguzo, boriti, udongo wa kubeba, wiki kadhaa za kazi ya majirani na pombe ya kuwashukuru majirani hao. Ni kipimo kipi kitatumika? Jibu lazima liandikwe kwenye mkataba wa ruzuku kabla mtu wa kwanza hajapimiwa nyumba yake.

Na swali linazaa swali. Makubaliano ya Sendai ya mwaka 2015 kuhusu kupunguza hatari za maafa, ambayo Tanzania inayafuata, yanahimiza kujenga upya kwa ubora zaidi: msingi imara, paa la bati, mahali palipoinuka. Vizuri sana. Ila kama mkataba unasema "kurejesha hali ya awali" na wewe umejenga ya tofali palipokuwa na udongo, mkaguzi atakuuliza tofauti ya gharama uliitoa wapi. Nyumba ni nzuri, mama amehamia na watoto wake, na bado hoja ya ukaguzi ipo. Sentensi moja tu kwenye mkataba, inayoruhusu kuboresha, ingetosha kuizuia.

Halafu kuna suala la nani mwenye nini. Mto ukifurika haujui mipaka ya ofisi. Daraja la kijijini ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, bomba la maji ni la RUWASA, wakala wa maji vijijini, darasa ni la halmashauri, na reli ikining'inia hewani kati ya Kilosa na Gulwe, kama ilivyokuwa katika mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, hilo ni jambo la shirika la reli. Mafuriko ni mamoja, vitabu vya hesabu ni vinne. Tatizo huwa ni kalavati ambalo kila mmoja anadhani limeombwa na mwenzake, au mbaya zaidi, kalavati lililoombwa na wawili. Kulipiwa kitu kimoja mara mbili ni kosa hata kama hakuna aliyetia senti mfukoni.

Majina nayo. Mzee anajulikana kijiji kizima kwa jina la utani, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina lingine, akaunti ya benki ina la tatu. Mke wa pili ana nyumba yake na jiko lake, lakini orodha inasema "kaya" na kumweka mume peke yake. Mpangaji amepoteza kila kitu isipokuwa nyumba, kwa sababu nyumba haikuwa yake. Orodha inayoandaliwa usiku mmoja ofisini bila kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji itarudi kunitesa miezi sita baadaye, na mimi nitamtesa mtendaji wa kijiji.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika katika wiki ya kwanza, na hufanywa na watu wema. Katika halmashauri moja niliyofanya nayo kazi, vijana walizibua mifereji na kuirudisha barabara ndani ya siku nne. Greda liliazimwa, dizeli ikachangwa, chakula kikapikwa na akina mama. Kazi safi. Ruzuku ilipokuja, mkataba uliruhusu kufidia gharama za dharura zilizokwishatumika. Hatukuweza kudai chochote. Hakukuwa na daftari la greda, risiti ya dizeli, orodha ya vijana wala picha ya barabara kabla ya kutengenezwa. Mali bila daftari huisha bila habari, waliochanga dizeli wanalijua hilo.

Tusidhani hayo ni mambo ya kwetu tu. Marekani, chini ya Sheria ya Stafford ya mwaka 1988, serikali kuu hubeba si chini ya asilimia 75 ya gharama stahiki za kurudisha miundombinu ya umma baada ya janga kutangazwa rasmi. Kwa kiasi kikubwa mji hutangulia kutumia, kisha hurejeshewa kwa vielelezo. Kukosa karatasi huko ni kukosa fedha, hata kama daraja linapitika.

Kalenda yetu pia haina huruma. Mvua za Dodoma huisha Aprili, tathmini huchukua muda, na mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni. Fedha zikiingia Mei, mtu asiyejua hukimbilia kutumia zote kabla ya kufungwa kwa hesabu, na haraka hiyo ndiyo mama wa ukuta unaopasuka. Anayejua huandaa mapema sababu na maombi ya kuvuka nazo mwaka, huku zabuni ikipita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa utaratibu wake. Sheria ina njia ya ununuzi wa dharura, ndiyo. Lakini dharura ya Desemba ikinunuliwa Juni, jina hilo huwa gumu kulitetea.

Vijana huniuliza wasomee nini. Wengi wetu tuliingia kama wahasibu, wachumi au maofisa mipango, tukajifunza mengine kwa kukosea. Ujue kusoma mkataba, ujue kutumia jedwali la hesabu, na uwe mtu wa kwenda saiti. Sijaona ruzuku iliyosimamiwa vizuri na mtu asiyechafua viatu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa kanda yetu kabla ya Novemba. Siku hiyo huwa naandika barua kwa watendaji wa kata: pigeni picha za shule, zahanati, visima na makalavati yakiwa mazima, tarehe ionekane, na majina ya kaya yasomwe mkutanoni. Mwaka jana mtendaji mmoja alinijibu kwa picha moja tu, ya kabati la ofisi yake, akieleza kwamba ameshahamishia madaftari rafu ya juu.