Nusu ya grafu haijapotea

"Mjomba, kompyuta yako mbovu," mpwa wangu aliniambia tukiwa barazani, hapa Lamu, baada ya Magharibi. Alikuwa akichora grafu ya x kwa kipeo cha 1/3, yaani kipeuo cha tatu cha x, kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na NumPy, maktaba yake ya hesabu. Mstari ukaanzia sifuri kwenda kulia, kushoto kweupe. Na shuleni amefundishwa, tena sawasawa, kwamba kipeuo cha tatu cha −8 ni −2.

Kompyuta ni nzima. −8 ina vipeuo vya tatu vitatu: −2, na viwili vya namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha −1 ndani yake. Kipeo cha sehemu hupatikana kwa logi, na logi ya namba hasi huja na pembe ya nyuzi 180. Igawe kwa tatu, wapata 60. Ndiyo maana Python tupu, bila NumPy, ukiiuliza (-8)**(1/3), hujibu takriban 1 + 1.732j, j ikiwa kipeuo cha pili cha −1. NumPy, ikipewa namba halisi, hujibu nan, yaani "si namba", na nan haichoreki.

Linalonichekesha zaidi ni hiyo 1/3 yenyewe: si theluthi kamili. Huhifadhiwa kama sehemu ambayo asili yake ni 2 kwa kipeo cha 54, namba shufwa! Na kipeuo shufwa cha namba hasi hakimo katika namba halisi. Mashine itajuaje ulitaka tatu?

Iambie waziwazi. Programu nyingine za hesabu zina amri zake: MATLAB ina nthroot, Mathematica ina CubeRoot na Surd. Sisi tuliandika np.cbrt(x), amri ya NumPy ya kipeuo cha tatu, na mkono wa kushoto ukateremka chini ya mstari, ukapita penye −8 na −2.