Je, wajua kwa nini nanasi hulainisha mshikaki wa ng'ombe lakini humharibu samaki?

Jumamosi moja ya Desemba, mananasi yakiwa yamejaa kando ya barabara pale Uyole, jijini Mbeya, dada yangu aliamua kuwachomea wageni mishikaki ya samaki. Alinunua kambale wawili wanene waliopandishwa asubuhi kutoka Kyela, na nusu kilo ya kamba walioletwa na barafu kutoka Dar es Salaam. Nyama ya ng'ombe huwa anailoweka usiku kucha kwenye juisi ya nanasi, kitunguu saumu na tangawizi mbichi, na mishikaki yake mtaani inasifika. Akafanya vivyo hivyo kwa samaki.

Kesho yake alipofunua bakuli, kingo za vipande vya kambale zilikuwa zimelegea na kuteleza kama uji mzito. Kila akitunga kwenye kijiti, kipande kinachanika. Kamba ukimbonyeza, alama ya kidole inabaki pale pale. Vichache vilivyofika jikoni viliachia kijiti na kudondokea kwenye makaa.

Jirani alisema ameuziwa samaki waliolala. Mama akasema, "Ni huku juu, mwanangu, vitu haviivi inavyotakiwa." Mama ana hoja, ila si kwa jambo hili. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi joto 94 badala ya 100, ndiyo maana maharage yanakula mkaa mwingi. Lakini samaki huiva nyama yake ikifika nyuzi 60 na kidogo tu, na moto wa makaa unapita hapo mbali. Halafu wale samaki waliharibika ndani ya bakuli, kabla ya moto wowote.

Kilichowaharibu ni nanasi lenyewe. Ndani ya nanasi bichi, yaani lisilopita kwenye moto hata kama limeiva na kunukia, kuna vimeng'enya vinavyoitwa kwa pamoja bromelaini. Kazi yake ni kukata protini vipande vipande. Mkemia wa Venezuela, Vicente Marcano, ndiye aliyeitenga kutoka kwenye juisi ya nanasi mwaka 1891. Ule muwasho unaoupata kwenye ulimi ukila nanasi jingi, bromelaini ina mkono wake pale: wewe unakula nanasi, nalo linakugusagusa ngozi laini ya kinywa. Papai bichi, na hapa namaanisha lisiloiva, lina ndugu yake, papaini, iliyomo kwenye ule utomvu mweupe unaochuruzika ukilikwaruza ganda. Tangawizi mbichi nayo ina cha kwake. Kwa hiyo dada aliweka wakataji wa protini wawili kwenye bakuli moja, akawaachia usiku mzima.

Sasa kwa nini ng'ombe anavumilia? Mtazame anavyoishi. Ng'ombe wa Usangu anabeba mamia ya kilo juu ya miguu minne, anatembea siku nzima kutafuta malisho. Misuli yake ni nyuzi ndefu zilizofungwa kwa tando ngumu za kolajeni, yaani protini inayoshikanisha nyama, na jinsi anavyozeeka ndivyo tando hizo zinavyokazana. Bromelaini ikiingia humo inakuta kazi kubwa. Inalegeza hapa na pale, na wewe unaonja nyama laini.

Samaki hajibebi, maji ndiyo yanayombeba. Hana haja ya tando nene za kushikilia misuli. Chukua kambale au sangara aliyeiva, umsukume kwa kidole gumba: nyama inaachana kwa mabamba mafupi, moja juu ya jingine kama vigae. Kati ya bamba na bamba kuna utando mwembamba wa kolajeni, na huo ndio unaoushikilia mnofu wote. Tena kolajeni ya samaki ni dhaifu kuliko ya ng'ombe, inayeyuka kwa joto dogo zaidi. Kimeng'enya kikishakata utando huo, hakuna kingine cha kushika. Ndiyo sababu kipande kinachanika kijiti kinapopita.

Kamba ana udhaifu wa ziada. Kichwani mwake kuna tezi ya kumeng'enya chakula, na akishakufa vimeng'enya vya tezi hiyo huanza kuvuja kuelekea mkiani na kulainisha nyama yake mwenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, safari ndefu kwa kamba mwenye kichwa. Ukiweza kuchagua, nunua waliokatwa vichwa mapema na kugandishwa.

Kama unataka kushuhudia haya kwa macho yako, tenga vibakuli viwili. Kamua nanasi moja, juisi igawe nusu kwa nusu. Nusu moja ichemshe kwa dakika chache kisha uiache ipoe kabisa, nyingine ibaki mbichi. Weka kipande cha kambale kila kibakuli, subiri saa moja, halafu bonyeza. Cha juisi mbichi kitakuwa na utelezi juu na kidole kitazama. Cha juisi iliyochemshwa kitakuwa kimepauka kidogo kwa sababu ya uchachu, ila kimeshikana. Joto limekiua kimeng'enya na kuacha utamu na harufu. Ni kwa sababu hiyo hiyo nanasi la kopo halilainishi nyama: limeshapikwa kiwandani.

Papai bichi ni la kuogopwa zaidi kuliko nanasi. Papaini hufanya kazi kwa nguvu hasa kwenye nyuzi 65 hivi, joto ambalo samaki tayari ameiva. Maana yake inaendelea kukata hata mshikaki ukiwa juu ya jiko. Mimi kwa samaki siligusi kabisa.

Limau ni habari nyingine. Halina wakataji hao, lina asidi. Asidi huipausha nyama ya samaki ikaonekana kama imeiva, na ikikaa sana inaifanya kavu na ya kumegeka. Dakika kumi na tano zinatosha, na tafadhali usidanganyike na weupe ule: limau haliui vijidudu vyote, moto bado unahitajika.

Haya yote hayamaanishi matunda na samaki hawapatani kwenye kijiti kimoja. Wanapatana kuliko matunda na ng'ombe, maana vyote viwili huiva kwa dakika chache. Siri ni muda wa kugusana. Pakaa samaki chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na mafuta kidogo, umwache dakika ishirini. Chumvi inavuta maji na kuukaza mnofu. Nanasi likate vipande, ulitunge katikati ya samaki pale tu makaa yameshashika rangi ya kijivu. Kabla bromelaini haijafika mbali, moto umeshaimaliza, na sukari ya nanasi inageuka kahawia na kunukia. Embe lisiloiva sana nalo linafaa, na mapichi ya nyanda za juu, yale magumu kidogo. Nyanya za Ilula chagua ndogo, uzitunge nzima. Hoho na kitunguu huchelewa kuliko kamba, kwa hiyo vipitishe kwanza kwenye maji yanayochemka au uvipe kijiti chao.

Wiki mbili baadaye dada alirudia, kambale na kamba wale wale wa njia zile zile. Safari hii juisi aliichemsha pamoja na tangawizi hadi ikawa nzito, akaipaka kwa brashi dakika ya mwisho, mishikaki ikiwa jikoni. Vipande vilikaa kwenye vijiti hadi sahani ya mwisho. Juisi mbichi iliyobaki aliimwagia nyama ngumu ya ng'ombe ya jioni, kwa saa mbili tu.