Shavu la Irma Brunner: pasteli ya Manet na unga wake

Mchoraji Mfaransa Édouard Manet alimchora mwanamke aitwaye Irma Brunner kwa pasteli mnamo 1880 hivi, juu ya turubai. Anaonekana ubavuni: kofia nyeusi, vazi la waridi, mdomo mwekundu. Picha iko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Kwangu siri yake ni shavu: laini, karibu tupu, likiwa limebanwa na weusi ule wa kofia. Anayejifunza pasteli kwa kawaida hulijaza shavu, na hapo ndipo uso unapokufa.

Pasteli ni unga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi kidogo sana, ukawa vijiti kama chaki. Unakaa kwa sababu karatasi ina mikwaruzo inayoushika. Mikwaruzo ikishajaa, mara nyingi baada ya tabaka nne au tano, chaki huteleza na rangi hugeuka tope. Usiongeze nyingine. Pangusa sehemu hiyo kwa brashi ngumu iliyo kavu, uanze upya.

Ukitaka kujaribu uso kama huu, chagua karatasi ya kijivu, kama sentimita 50 kwa 40, ibandike kwenye ubao, na uuinamishe mbele kidogo ili unga udondoke chini bila kugusa mchoro. Chora mistari ya kwanza kwa mkaa mwembamba. Penseli huacha utelezi. Anza na kofia, kwani vumbi jeusi litaangukia shavu ukichelewa. Tandika buluu nzito na kahawia, kisha nyeusi juu yake; nyeusi peke yake huonekana kama shimo.

Usoni zinatosha rangi tatu: kivuli cha taya, rangi ya kati, mwanga. Sugua tabaka la kwanza tu, kwa kidole kikavu (jasho huacha madoa). Yanayofuata yaguse na uyaache. Chaki laini kuliko zote zisubiri mwisho: mwanga wa shavu, na mdomo kwa mistari miwili tu.

Usipulize vumbi, maana baadhi ya rangi zina kadimiamu, metali yenye sumu. Gonga ubao kwa nyuma. Dawa ya kugandisha, ile inayopuliziwa ili unga usitoke, sipendi kuiweka juu ya tabaka la mwisho: hujaza nafasi za hewa kati ya chembe, na rangi nyepesi za ngozi huwa nzito. Kinga ya kweli ni kioo kilichoachwa milimita 4 hivi mbali na mchoro. Plastiki haifai, kwani ikifutwa hupata umeme tuli na kuuvuta unga wa shavu.