Mkataba wa kuokoa umeme kambini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kampuni ya nishati inayosaini mkataba huu na kambi ya jeshi inafunga mitambo bure.
Si bure. Kampuni hutafuta mkopo, hufunga vifaa (taa, viyoyozi, sola), kisha hulipwa kutokana na akiba ya bili, na riba ikiwa humo humo. Marekani, ambako majeshi yameutumia sana mtindo huu, mkataba unaweza kufika miaka 25, na malipo ya mwaka hayaruhusiwi kuzidi gharama ambayo kambi ingelipa bila mkataba. Akiba isipofika, kampuni hufidia. Ila soma vizuri inachodhamini: kwa kawaida ni ufanisi wa vifaa. Saa za matumizi ni mzigo wako.

Dhana: Bili ikishuka, mkataba umefanya kazi.
Hapa ndipo wengi hupigwa. Chukua kambi au hospitali ya Tanga: ukipima matumizi ya viyoyozi wakati wa kaskazi (msimu wa joto) tu, kisha ukalinganisha na miezi ya kusi (msimu wa baridi), bili itashuka hata kama hakuna aliyegusa kitu. Upepo umefanya kazi, kampuni inalipwa. Pima miezi 12 kabla ya kufunga chochote, kwa mita ndogo kwenye kila jengo kubwa, na andika idadi ya watu na saa za kazi.

Taa ni rahisi zaidi. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) hula kama wati 45; ya LED, 18. Tyubu 400 kwa saa 12 kila siku huokoa takriban uniti (kWh) 47,000 kwa mwaka. Zikiwaka saa 6, gawanya kwa mbili.

Dhana: Tukiwa na sola, umeme kukatika hakutuhusu.
Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa gridi) ya kawaida ya kuunganishwa na gridi hujizima gridi ikizimika, ili isimuue fundi aliye kwenye nguzo. Jua linawaka, kambi iko gizani! Unahitaji swichi ya kujitenga na gridi, betri, na inveta inayoweza kuendesha mtandao peke yake. Mzigo wa lazima (pampu, mawasiliano, zahanati) ukiwa kW 40 kwa saa 6, ni kWh 240. Kwa betri isiyoshushwa chini ya asilimia 20, nunua ya kWh 300. Kambi ya Parris Island, Marekani, ilipata kwa mkataba wa aina hii mtambo wa gesi wa MW 3.5, sola na betri ya MWh 8.

Dhana: Jenereta likiwaka kila Ijumaa, liko salama.
Bila mzigo wa umeme, dizeli isiyoungua hujikusanya kwenye ekzosi. Lipe angalau asilimia 30 ya uwezo wake kwa nusu saa, kila mwezi.

Dhana: Vifaa vipya havihitaji mtu.
Chumvi ya bahari hula mapezi (vibati vyembamba vya kutoa joto) ya viyoyozi vya nje. Yaoshwe kwa maji ya bomba yenye presha ndogo. Presha kubwa huyakunja. Andika mkatabani nani anaosha na lini, maana akiba ikipungua, kampuni itasema hukutunza.