Albamu ya densi-pop: nguvu zake, na mahali inapochosha

Densi-pop ni muziki wa pop uliojengwa juu ya mdundo wa klabu. Kutoka kwenye pop umechukua beti, kiitikio na sauti ya mwimbaji inayokaa mbele ya ala zote. Kutoka klabu umechukua mpigo usiokatika, besi nzito na vyombo vya kielektroniki. Ukiondoa kiitikio unabaki na hausi au tekno, muziki wa klabu tu. Ukiondoa mpigo unabaki na pop ya kawaida. Mwendo wake mara nyingi ni kati ya mapigo 115 na 130 kwa dakika, na ngoma kubwa, ambayo maprodyuza, yaani watengenezaji wa muziki, huiita kiki, hugonga kila pigo, mara 4 kwa kila baa, yaani kundi la mapigo manne.

Albamu ya muziki huu ni mtihani tofauti kabisa na singo, wimbo unaotolewa peke yake. Singo inadai dakika tatu za msisimko, basi. Albamu ina nyimbo 10 hadi 14, dakika 35 hadi 45, na karibu zote zina mwendo unaokaribiana, kiki inayofanana na mpangilio uleule wa sehemu. Yaleyale yanayoufanya wimbo mmoja umshike msikilizaji ndiyo yanayomchosha yakirudiwa mara kumi na mbili. Karibu kila sifa na kila kasoro ya albamu hizi inatokana na jambo hilo.

Mizizi yake ni disko ya miaka ya 1970. Mwaka 1977 mwimbaji Donna Summer alitoa "I Feel Love", ambao maprodyuza Giorgio Moroder na Pete Bellotte waliujenga karibu wote kwa sinthesaiza ya Moog, ala inayounda sauti kwa umeme, na tangu hapo ikajulikana kwamba mashine inaweza kubeba wimbo wa mapenzi. Miaka ya 1980 hausi ikazaliwa Chicago, mikononi mwa maDJ weusi ambao wengi wao walikuwa mashoga, na mashine ya ngoma ya Roland TR-909 ikaingia sokoni mwaka 1983. Kiki nyingi unazozisikia kwenye albamu za leo ni za mashine hiyo au ni wajukuu wake. Albamu inayokopa kutoka kwa watu hawa bila kuwataja popote, si kwenye orodha ya waandishi wala ya sampuli (vipande vilivyochukuliwa kwenye rekodi za wengine), ina dosari hata kama inasikika vizuri.

Kiki na besi

Hapa ndipo pa kuanzia, kwa sababu sehemu hii ikiharibika hakuna kiitikio kitakachoiokoa albamu. Kiki ina uzito wake kwenye masafa ya Hz 45 hadi 60 (Hz ni mtetemo mmoja kwa sekunde, kHz ni elfu moja), pamoja na mlio mkali wa juu, kHz 2 hadi 5, unaoifanya isikike hata kwenye spika ndogo. Besi nayo inaishi Hz 40 hadi 100. Vyote viwili vinagombea nafasi moja. Vikilia pamoja bila mpango, sauti za chini hugeuka tope: mtu anahisi uzito lakini haoni pigo liko wapi, na miguu haipati pa kushika.

Dawa ya kawaida ni saidicheni. Kompresa, kifaa kinachobana ukubwa wa sauti, inawekwa kwenye besi, lakini inaambiwa isikilize kiki. Kila kiki inapogonga, besi inashushwa, kisha inaachiwa irudi. Ikishushwa desibeli 3 hadi 6 msikilizaji hasikii ujanja wowote. Anachosikia ni kiki safi. Ikishushwa desibeli 10 au zaidi, muziki wote unaanza kupumua, ukizama na kuibuka kila pigo, na hilo wengine hulitaka makusudi. Hesabu ya muda ndiyo inayowashinda wengi. Kwenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, kwa hiyo besi irudi ndani ya milisekunde 150 hadi 300. Ikichelewa, kiki inayofuata inaikuta bado iko chini, na wimbo unakosa nyama. Ikirudi upesi mno, unasikia mikwaruzo midogo kila pigo.

Albamu dhaifu utaijua kwa urahisi hapa: saidicheni ni ileile, ya kina kilekile, kwenye kila wimbo. Mpumuo uliofurahisha kwenye wimbo wa kwanza unakuwa kero kwenye wa saba. Albamu imara hubadilisha. Wimbo mmoja una besi ndefu inayopumua, unaofuata una noti fupi zinazoingia katikati ya mapigo, ambazo hazihitaji saidicheni hata kidogo kwa sababu hazikutani na kiki.

Kuna mtego mwingine ambao hujitokeza nje ya studio tu. Besi iliyotanuliwa kulia na kushoto inapendeza kwenye hedifoni, lakini mifumo mingi ya klabu huunganisha pande hizo kuwa moja, na mawimbi yanayopingana hufutana. Besi inayeyuka mbele ya watu. Ndiyo maana mafundi makini huacha kila kitu kilicho chini ya Hz 100 hivi kikae katikati. Upande wa pili kuna spika ya simu, ambayo haitoi kabisa masafa hayo ya chini. Besi tupu isiyo na chembe za juu itatoweka humo, kwa hiyo huongezewa ukwaruzo kidogo ili sikio liikisie hata pale isipokuwepo.

Hesabu ya wimbo

Densi-pop huhesabiwa kwa mafungu ya baa 8. Kwenye mapigo 120, baa moja ni sekunde 2, na fungu moja ni sekunde 16. Mpangilio unaotumika sana ni mwanzo wa baa 4, ubeti wa baa 8, daraja la kupandia (sehemu inayojenga hamu) la baa 8, kisha kiitikio. Jumla ni baa 20, yaani kiitikio kinafika sekunde ya 40. Huduma za kusikiliza mtandaoni zimekaza uzi huu zaidi. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, kwa hiyo mianzo imefupishwa na kionjo cha kiitikio huchomekwa hapohapo mwanzoni.

Faida yake ni kwamba wimbo hauna mafuta ya ziada. Hasara ni kwamba muziki wa klabu unapata nguvu kutokana na kusubiri. Ili kiki ikirudi iumize vizuri, lazima kwanza iondoke, na iondoke kwa muda wa kutosha mtu aitamani: baa 4, hata 8. Wimbo wa dakika mbili na nusu hauna baa hizo za kutoa. Matokeo yake ni kiitikio kinachoingia kwa kelele nyingi bila kishindo, kwa sababu kabla yake hapakuwa na ukimya wowote.

Watu hujaribu kuliziba pengo hilo kwa vifaa vya madukani: upepo wa kielektroniki unaopanda, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) inayoongeza kasi kutoka pigo moja moja hadi mara nne kwa pigo, halafu kimya cha pigo moja, halafu mlipuko. Si vibaya kwenye wimbo mmoja. Kwenye albamu nzima, kufikia wimbo wa nne msikilizaji anajua mlipuko unakuja lini kabla haujafika, na mwili wake haushtuki tena.

Kosa la ndani zaidi ni la kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Nyimbo nyingi hupita kwenye kodi nne zinazozunguka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kodi zisipobadilika, kazi yote ya kukitofautisha kiitikio na ubeti inaangukia melodia, na melodia ikiwa dhaifu kinachobaki ni kuongeza tabaka za sauti. Kipimo kizuri, na kigumu, ni kuuimba wimbo kwa gitaa au kinanda peke yake. Ukisimama bila ngoma, umeandikwa. Ukianguka, ulikuwa umepambwa tu.

Sauti na maneno

Auto-Tune, programu ya kunyoosha noti za mwimbaji, ilitoka mwaka 1997, na mwaka uliofuata "Believe" wa Cher ukaonyesha kwamba chombo cha kusahihisha kinaweza kuwa pambo. Leo sauti ya densi-pop huwa imenyooshwa, imerekodiwa mara mbili au tatu, na kuzungukwa na harmonia, sauti nyingine zinazoimba pamoja nayo, pande zote. Hivyo inapenya juu ya sinthesaiza nyingi bila kupiga kelele. Lakini ikinyooshwa kupita kiasi, mtelezo mdogo kabla ya noti, pumzi, na mtikisiko wa mwisho wa neno hufutika, na hayo ndiyo yanayomtambulisha mwimbaji. Albamu inayoweza kuimbwa na mtu yeyote bila tofauti kusikika imepoteza kitu kikubwa.

Maneno machache si kasoro. Mstari mmoja ukirudiwa mara nane juu ya mpigo unaweza kubeba uchungu kuliko beti tatu. Kasoro ni maneno ambayo hayajamwona mtu: taa, usiku, sakafu, moyo, tena taa. Densi-pop inayodumu ina huzuni mahali fulani ndani ya furaha yake, mtu anayecheza karibu na aliyemwacha kwa mfano, na mgongano huo kati ya mguu na moyo ndio unaowarudisha watu kwenye wimbo baada ya msimu wake kupita.

Mpangilio wa nyimbo

Singo zenye nguvu huwekwa theluthi ya kwanza, na kwa sababu hiyo wimbo wa 7 hadi wa 9 huwa ndipo albamu inapolegea. Wengi hutupia hapo wimbo wa polepole ili kupumzisha masikio. Mara nyingi ni kosa, kwa kuwa mwili ulioshika mwendo wa 122 ukikatishwa ghafla hadi 70 haurudi kirahisi. Njia bora ni kubaki na mwendo uleule na kuhamisha snea ihesabu nusu: saa inabaki 122, lakini mwili unasikia 61. Pumziko linapatikana, na kiki ikirejea hakuna kilichovunjika.

Albamu zinazoshonwa bila pengo ndizo zinazoonyesha ufundi huu waziwazi. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwenye ufunguo wa A maina unaotakiwa kuingia kwenye wa 124 wa C meja. Funguo hizo mbili zinatumia noti saba zilezile, kwa hiyo hazigombani. Baa 8 za mwisho kiki inaondolewa, yanabaki makofi na kinanda chenye noti ndefu. Ndani ya sekunde hizo zisizofika 16 mwendo unapandishwa polepole, na kwa kuwa kiki haipo kuusimamia, sikio halioni mabadiliko. Besi mpya inaingia peke yake, kiki inafuata baada ya baa 4. Aliyekuwa akicheza hajui hata wimbo umebadilika saa ngapi.

Madonna aliijenga albamu nzima hivyo mwaka 2005, "Confessions on a Dance Floor", akisaidiwa zaidi na prodyuza Stuart Price, na Beyoncé akatumia maungio kama hayo kwenye "Renaissance" ya 2022, yenye nyimbo 16. Gharama yake ipo pia. Wimbo mmoja ukichomolewa na kuwekwa kwenye orodha nyingine unaweza kuanza katikati ya sentensi au kukatika kama umepigwa kisu. Kwa hiyo albamu ya kushonwa inahitaji matoleo ya peke yake ya singo, yenye mwanzo na mwisho kamili. Wasioyaandaa huadhibiwa na redio.

Kukosa umoja kunatoka pia kwenye idadi ya mikono. Nyimbo 12 zikitengenezwa na maprodyuza 15, kila mmoja analeta kiki yake, mwangwi wake, na namna yake ya kuweka sauti ya mwimbaji. Kila wimbo ni mzuri ukiusikiliza peke yake, na albamu inakuwa mkusanyiko. Kinachosaidia ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana, na fundi mmoja wa miksi, yaani wa kusawazisha sauti zote za wimbo, kwa nyimbo zote.

Ukubwa wa sauti

Masta za densi-pop, yaani rekodi za mwisho zilizo tayari kutolewa, mara nyingi hubanwa hadi kati ya LUFS -8 na -6 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa). Spotify kwa kawaida hurekebisha muziki kufikia takriban -14, kwa hiyo masta ya -7 inashushwa desibeli 7 na faida yote ya kubana inaishia hapo, ila madhara yanabaki: kiki iliyopondwa, na makofi yasiyo na ncha. Albamu ikichezwa kwa mfuatano wake, hata hivyo, huduma hiyo hushusha nyimbo zote kwa kiasi kimoja, na tofauti kati yao inabaki kama fundi alivyoiacha. Wimbo uliokusudiwa kuwa mpole utabaki mpole. Hivyo fundi hana sababu ya kuzisukuma nyimbo zote hadi dari moja, na albamu inayofanya hivyo ndiyo ile unayoizima kwenye wimbo wa tisa ukidhani umeichoka sauti ya mwimbaji, kumbe masikio yamechoka kubanwa.

Ukitaka kuipima mwenyewe, icheze yote kwa sauti ya chini, kiasi cha watu kuzungumza juu yake. Kiki na mwimbaji visikike bado, besi ikisiwe. Kisha ruka hadi katikati ya nyimbo tano mfululizo, sekunde kumi kila mmoja. Usipoweza kuzitofautisha kwa besi au kodi kabla mwimbaji hajafungua mdomo, prodyuza hakuwa na mawazo ya kutosha kwa albamu nzima. Alikuwa nayo ya singo mbili.