Maana ya neno "shenanigans" na lilikotoka

Watoto wamekaa kimya chumbani muda mrefu kuliko kawaida yao. Mama anafungua mlango: unga wa ngano umetapakaa sakafuni, mdogo mtu amepakwa uso mzima, mkubwa anatazama dari kana kwamba hayupo. Mwingereza angeyaita hayo "shenanigans", hutamkwa shi-NA-ni-genz, mkazo ukiwa kwenye "na". Hapa maana yake ni utundu, utukutu, vituko vya mtu aliyezidiwa na furaha.

Ila neno hilohilo utalikuta kwenye gazeti la Kiingereza likieleza kura zilizohesabiwa kwa siri au zabuni iliyopitia mlango wa nyuma. Hapo hakuna cha kuchekesha. Mtanzania angesema figisufigisu, na Mkenya angezungumzia sarakasi za wanasiasa. Kwa hiyo kamusi ikikupa "utundu" peke yake, usitosheke. Tazama nani anatenda na nani anaumia, ndipo uchague tafsiri.

Kati ya maana hizo mbili, ya hila ndiyo kongwe. Neno lenyewe limeonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi tarehe 25 Aprili 1855, kwenye gazeti la Town Talk la San Francisco, California. Maana ya utundu wa furaha ilikuja baadaye.

Mahali hapo panastahili kuangaliwa vizuri. Januari 1848 James Marshall aliona chembe za dhahabu kwenye mfereji wa kiwanda cha kupasua mbao cha John Sutter, na habari zikasambaa. San Francisco ilikuwa na wakazi wapatao 1,000 tu. Kufikia 1850 walikuwa takriban 25,000. Walitoka Mexico, Chile, China, Ujerumani, na Ireland, ambako njaa kubwa ya viazi ilikuwa imewang'oa watu makwao. Kambi za wachimbaji zilijaa lugha, kamari na fedha za ghafla. Walikuwepo watu walionyunyizia chembe za dhahabu kwenye shimo tupu ili wamuuzie mgeni. Watu wa namna hiyo, katika mji wa namna hiyo, wasingekosa kuhitaji jina la ulaghai.

Ndiyo maana nadharia za asili yake zinafuata nyayo za wahamiaji walewale. Inayopendwa zaidi ni ya Kiayalandi: "sionnach" ni mbweha, na kitenzi "sionnachuighim" maana yake ni kufanya ujanja wa mbweha. Kwetu ujanja huo hadithi zimempa sungura. Ulaya umekuwa wa mbweha tangu zamani. Nadharia ya pili inataja "chanada" ya Kihispania, kifupi cha "charranada", yaani hila. Ya tatu inataja "Schenigelei", neno la mitaani la Kijerumani linalohusu kazi au ufundi.

Mimi navutwa na mbweha, na mwisho wa neno unafanana kweli na majina ya ukoo ya Kiayalandi kama Finnegan. Lakini kufanana kwa sauti kumewapoteza wengi, na hakuna andiko lililopatikana linalounganisha "sionnach" na mitaa ya San Francisco. Kamusi makini huandika kwamba asili haijulikani, nami naona huo ni uungwana.

Katika matumizi ya leo neno huwa katika wingi, "shenanigans", ingawa zamani umoja wake ulisikika zaidi. Halimfai mwizi wa kutumia nguvu wala muuaji. Ukilitumia kwa uhalifu mzito utaonekana unaupunguza. Linafaa zaidi pale penye ujanja wa chinichini, au pale mzazi anapowaambia wanawe utundu umetosha, wakalale, huku yeye mwenyewe amebana kicheko.